Dawa za Sonona na Mabadiliko ya Uzito: Somo kwa Wagonjwa na Jamaa Zao

Miongoni mwa sababu zinazowafanya wagonjwa wa sonona waache dawa kabla ya wakati wake, mabadiliko ya uzito wa mwili ni mojawapo, nayo haizungumzwi sana. Mgonjwa akinenepa, majirani humpongeza kwamba amepata afya. Akikonda, huulizwa nini kilichomsibu. Yeye peke yake ndiye ajuaye kwamba mabadiliko hayo yalianza baada ya kuanza kumeza vidonge, na kwa kuwa hakutaka watu wavijue vidonge hivyo, jambo lake hulihifadhi moyoni. Mwisho huiweka dawa kando bila ya kumwambia mtu. Wiki chache baadaye uzito haujashuka, lakini usingizi umepotea na huzuni imerudi.

Somo hili limekusudiwa wakaazi wa Chwaka na shehia nyengine za Wilaya ya Kati wanaotumia dawa hizo, pamoja na jamaa wanaowauguza. Linaeleza kwa nini uzito hubadilika, namna ya kuufuatilia, na hatua zinazoweza kuchukuliwa nyumbani na hospitali. Fundisho lake kuu ni moja: uzito unaweza kudhibitiwa bila ya kuiacha dawa, ilimradi mabadiliko yagundulike mapema na yaelezwe kwa mtabibu.

Sonona yenyewe hubadilisha uzito

Kabla ya kuilaumu dawa, yafaa kuutazama ugonjwa. Sonona si huzuni ya siku mbili. Ni maradhi yanayodumu wiki mbili au zaidi, ambayo humwondolea mtu furaha, nguvu, usingizi na hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Wagonjwa wengi hupoteza pia hamu ya chakula na kukonda. Wengine, kinyume chake, hula kupita kiasi na kulala mno, wakanenepa kabla ya kumeza hata kidonge kimoja.

Chukuliwe mfano wa mkulima wa mwani mwenye urefu wa mita 1.60, ambaye uzito wake wa kawaida ulikuwa kilo 60. Ugonjwa ulipomshika, alishuka hadi kilo 56. Baada ya miezi mitatu ya tiba amerudi kwenye kilo 60. Kwa mizani ya hospitali ameongezeka kilo 4, lakini ongezeko hilo si madhara ya dawa: ni mwili uliorudi mahali pake baada ya hamu ya chakula kufufuka. Ndiyo sababu daktari huhitaji kujua tarakimu mbili, uzito wa mgonjwa kabla ya kuugua na uzito wake siku alipoanza dawa. Aliye na tarakimu ya pili tu anaweza kukosea, akaita kupona kwa jina la maradhi.

Yapo pia mambo mengine yanayoongeza uzito kwa wakati huohuo. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwanenepesha baadhi ya wanawake, na vidonge vya jamii ya steroidi, ambavyo hutolewa kwa pumu na maradhi ya viungo, huongeza hamu ya kula. Mgonjwa amweleze mtabibu kila dawa anayoitumia, ili lawama isiangukie dawa isiyohusika.

Namna dawa zinavyoathiri uzito

Dawa za sonona si za aina moja, wala athari zake kwa uzito hazifanani. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, uliotungwa kwa ajili ya vituo visivyo na mabingwa wa maradhi ya akili, uliweka mbele dawa mbili, amitriptilini na fluoksetini, katika toleo lake la mwaka 2016. Hizo ndizo ambazo mgonjwa wa kawaida ana uwezekano mkubwa wa kuandikiwa, nazo ni tofauti sana katika jambo hili.

Amitriptilini ni dawa kongwe, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hutolewa pia, kwa vipimo vidogo, kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na kwa kuzuia kipandauso, hivyo wapo wanaoimeza bila ya kuwa na sonona. Dawa hii huzuia kazi ya kemikali ya mwili iitwayo histamini, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kumweka mtu macho na kuupa ubongo habari ya shibe. Histamini inapozuiwa, mtu husinzia, na njaa hukawia kuondoka hata baada ya kula. Wengi hutamani vitu vitamu na vyakula vya wanga, hasa usiku. Zaidi ya hayo, dawa hukausha kinywa, na mwenye kiu katika joto la pwani hukimbilia soda au sharbati. Hivyo uzito hupanda kwa njia tatu kwa pamoja: njaa, kiu na uchovu.

Fluoksetini hufanya kazi kwa njia nyengine, kwa kuiacha kemikali ya serotonini ikae kwa muda mrefu zaidi baina ya seli za ubongo. Katika wiki za mwanzo huweza kuleta kichefuchefu na kupunguza hamu ya chakula, na baadhi ya wagonjwa hupungua kidogo. Tiba ikiendelea, uzito uliopotea kwa kawaida hurudi. Katika jamii hiyohiyo ya dawa zimo setralini, sitalopramu, escitalopramu na paroksetini. Ipo tena mitazapini, ambayo huongeza hamu ya kula waziwazi, kiasi kwamba madaktari wakati mwengine huichagua kwa mgonjwa aliyekonda mno.

Ukubwa wa athari hizi umepimwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2024 uliwafuatilia watu wazima 183,118 walioanza mojawapo ya dawa nane, ambazo amitriptilini haikuwamo. Baada ya miezi 6, waliotumia escitalopramu na paroksetini walikuwa wameongezeka takriban nusu kilo, au pungufu yake kidogo, zaidi ya waliotumia setralini, na waliotumia fluoksetini hawakutofautiana na hao wa setralini. Utafiti mwengine wa Uingereza wa mwaka 2018, uliochambua kumbukumbu za watu 294,719, ulionesha kwamba uwezekano wa kunenepa hubaki juu kwa miaka kadhaa, wala hauishi baada ya wiki za mwanzo.

Tarakimu hizo zina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kwa wagonjwa walio wengi mabadiliko ni madogo, na hofu ya kufura mwili haina msingi. La pili ni kwamba wastani huficha watu: katika kundi lenye wastani wa nusu kilo, yupo asiyeongezeka kitu na yupo aliyeongezeka kilo 6. Hakuna awezaye kujua atakuwa yupi isipokuwa kwa kupima.

Kupima, na kuandika

Nguo haitoi ushahidi wa kuaminika. Kanga, dera na kanzu humpokea mwenye kilo 60 na mwenye kilo 70 bila ya kulalamika, na kilo huingia kimyakimya. Mizani ndiyo shahidi.

Mgonjwa apimwe siku ya kuanza dawa, kisha kila anapofika kliniki, na ikiwezekana kila baada ya wiki mbili katika miezi mitatu ya mwanzo. Atumie mizani ileile, kwa wakati uleule wa siku, bila ya viatu na akiwa na nguo nyepesi. Uzito uandikwe katika daftari la matibabu pamoja na tarehe, kwani tarakimu isiyo na tarehe haimsaidii mtu. Asiyekuwa na mizani nyumbani anaweza kupimwa katika kituo cha afya. Kipimo hicho ni cha dakika moja.

Alama ya tahadhari ni ongezeko la asilimia 5 ya uzito wa kawaida. Kwa mkulima wa mwani aliyetajwa, asilimia 5 ya kilo 60 ni kilo 3, kwa hiyo akifika kilo 63 amwone mtabibu hata kama hajisikii vibaya. Sababu ya kutosubiri inaonekana katika hesabu ya uwiano wa uzito na urefu, ambayo hupatikana kwa kuugawa uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Urefu wa mita 1.60 ukizidishwa kwa 1.60 ni 2.56. Kilo 60 zikigawiwa kwa 2.56 hutoa 23.4, ambayo imo ndani ya kiwango cha afya cha 18.5 hadi 24.9. Kilo 64 hutoa 25, ambapo ndipo uzito uliozidi unapoanza. Alama ya asilimia 5 humsimamisha kilo moja kabla ya mpaka huo.

Kipimo cha pili ni kiuno, kinachopimwa kwa utepe wa fundi cherehani katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Hatari huanza kupanda kiuno kinapozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamme. Aliyevuka mipaka hiyo, au ambaye katika ukoo wake mna kisukari, aombe kupimwa pia sukari na shinikizo la damu.

Sukari iliyomo katika kikombe

Katika nyumba nyingi za Unguja, sukari kubwa ya siku hupatikana katika vinywaji kuliko katika chakula. Anayekunywa vikombe vitano vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu, amekunywa vijiko 15. Kijiko cha chai kikikadiriwa kuwa na gramu 4, hizo ni gramu 60, sawa na kalori 240. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana iwe gramu 25. Mnywaji huyo ameupita mpaka kabla ya kugusa andazi. Chupa moja ya soda tamu ya mililita 300 ina takriban gramu 30 nyengine.

Akipunguza kutoka vijiko vitatu hadi kimoja kwa kila kikombe, huepuka kalori 160 kwa siku, ambazo kwa mwezi ni 4,800. Kilo moja ya mafuta ya mwili huhifadhi takriban kalori 7,700, kwa hiyo badiliko hilo dogo, kwa hesabu ya kitabuni, ni zaidi ya nusu kilo kwa mwezi. Kupunguza kufanywe kwa hatua, nusu kijiko kila wiki, ili ulimi uzoee. Kahawa chungu ya barazani haina sukari na si adui, lakini kashata inayoandamana nayo ni nazi na sukari tupu. Tena kahawa inywewe mchana, kwani usingizi ni sehemu ya tiba ya sonona.

Kwa kinywa kilichokauka, dawa ni maji yanayonywewa kidogo kidogo mchana kutwa, kusukutua mara kwa mara, au kutafuna ubani usio na sukari. Pipi huleta madhara mawili, uzito na kuoza kwa meno, kwani kinywa kisicho na mate ya kutosha hakina kinga.

Sinia, sahani na tui

Ushauri mwingi wa chakula huandikwa kwa mtu anayekula peke yake katika sahani yake. Chwaka watu hula pamoja katika sinia, na anayekula sinia hajui amekula kiasi gani. Mwenye njaa inayoletwa na dawa huendelea kumega hadi wali unapokwisha. Zipo njia mbili za kukabiliana na hali hiyo bila ya kujitenga na wenzake. Ya kwanza ni kujipakulia fungu lake katika sahani akiwa ameketi nao pamoja: nusu ya sahani mboga, robo samaki au maharage, na robo wali, ugali au muhogo. Ya pili, kwa asiyetaka kuonekana tofauti, ni kuanza na mboga na samaki, kula polepole, kisha kunawa mkono wa mwanzo badala ya wa mwisho. Shibe huchukua muda kufika kwenye ubongo, na kwa mwenye kutumia amitriptilini hukawia zaidi.

Neema za ghuba na za mashamba ni msaada mkubwa. Tasi, changu, pweza na ngisi hutoa protini inayoshibisha kwa muda mrefu bila ya mafuta mengi, ilimradi vichomwe au vipikwe mchuzi badala ya kukaangwa katika mafuta tele. Mchicha, matembele, kisamvu na bamia hujaza tumbo kwa kalori chache. Tui la kasimile ndilo lenye mafuta mengi. Mboga ikipikwa kwa tui jepesi la mkamuo wa pili, ladha hubaki na sehemu kubwa ya mafuta huondoka. Muhogo wa kuchemsha ni chakula chema, lakini chipsi za muhogo zilizonywa mafuta ni kitu chengine kabisa.

Kwa njaa ya usiku, ambayo ni kero ya wengi, yafaa kujiandaa kabla haijaja. Anayejua kwamba njaa humshika saa nne usiku aweke tayari embe dogo, kipande cha papai au karanga kiasi cha kiganja, na asiache boflo na maandazi mahali pa wazi. Kuhusu shughuli za harusi, maulidi na hitima, pilau ya siku moja haimnenepeshi mtu. Kinachonenepesha ni mazoea ya kila siku.

Mwezi wa Ramadhani

Ramadhani inahitaji maandalizi yake. Mgonjwa azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, ili ijulikane kama afya yake inaruhusu kufunga na saa za kumeza dawa zipangwe upya. Amitriptilini, ambayo mara nyingi humezwa mara moja usiku, huleta ugumu mdogo wa ratiba, na fluoksetini iliyozoeleka asubuhi huweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku kwa maelekezo ya daktari. Jambo la kuepukwa ni kuikatiza dawa kwa mwezi mzima, kisha kuianza upya siku ya Idi.

Wapo wanaofunga wakitumai kupungua, wakamaliza mwezi wameongezeka. Sababu ni kwamba chakula chote huhamia usiku, wakati uleule ambapo dawa huchochea njaa, na meza ya futari imejaa kaimati, tambi za sukari, ndizi mbivu za nazi na mihogo ya nazi. Mwenye kutumia dawa afungue kwa tende chache na maji, ale futari ya kiasi, achague kitamu kimoja badala ya vinne, na asiiache daku.

Mwendo: siku za bamvua na siku za maji mafu

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kwa mgonjwa wa sonona faida ni mbili, kwani mazoezi huzuia uzito na pia hupunguza dalili za ugonjwa wenyewe.

Wanawake wanaolima mwani hutembea na kubeba mizigo zaidi ya kiwango hicho wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na mashamba kuonekana. Maji mafu yanapoingia, kazi hiyo husita kwa siku kadhaa, lakini kiwango cha chakula hubaki kilekile. Siku hizo za katikati ndizo zinazohitaji mpango: kutembea nusu saa ufukweni baada ya sala ya alfajiri au kabla ya magharibi, pamoja na jirani au ndugu, kwani anayengojewa na mwenzake ni shida kulala kitandani. Fundi cherehani, muuza duka na mtumishi wa ofisi, ambao hukaa siku nzima, wanauhitaji mpango huo kila wiki.

Tahadhari moja ni ya lazima. Amitriptilini huweza kushusha shinikizo la damu mtu anapoinuka ghafla, akapata kizunguzungu. Mkwezi wa minazi asipande katika wiki za mwanzo za tiba wala baada ya kipimo kuongezwa, na mvuvi asiende baharini peke yake hadi ajue mwili wake umeipokeaje dawa. Hali kadhalika wanaoendesha vyombo vya moto.

Anayepungua badala ya kuongezeka

Si kila mgonjwa hunenepa. Anayepungua katika wiki za mwanzo za fluoksetini kwa sababu ya kichefuchefu anashauriwa kuimeza baada ya kula, na kula kidogo kidogo mara nyingi: uji wa maziwa, mayai, samaki, ndizi na karanga. Kichefuchefu kwa kawaida hupoa baada ya wiki mbili hivi. Akiendelea kukonda, au akikonda pamoja na homa, kikohozi cha muda mrefu, jasho la usiku au kiu na mkojo mwingi, arudi hospitali haraka. Dalili hizo huelekea kifua kikuu au kisukari, na si vyema zifichwe nyuma ya jina la dawa.

Kwa nini dawa isiachwe ghafla

Anayeiacha dawa kwa siku moja huweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu, hasira za bure na hali kama ya mafua. Hayo ni ya siku za mwanzo. Kubwa zaidi ni kurudi kwa sonona, jambo linaloweza kutokea wiki au miezi baadaye, wakati mtu ameshasahau kwamba aliwahi kuacha dawa. Mwongozo wa mhGAP wa mwaka 2016 ulielekeza tiba iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuondoka, kisha ipunguzwe taratibu. Fikra za kutaka kujidhuru zikijitokeza wakati wowote, mgonjwa asibaki peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kubadilishana vidonge na jirani ni hatari nyengine. Fluoksetini hukaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kuachwa, na huongeza kiwango cha amitriptilini katika damu. Anayeiacha moja na kuianza nyengine kwa hiari yake huweza kudhurika moyo. Kuhamia dawa nyengine ni jambo linalowezekana, lakini hesabu ya siku na vipimo ni ya daktari. Vidonge vilivyobaki vihifadhiwe mbali na watoto au virejeshwe kituoni, maana amitriptilini nyingi kwa mara moja huua.

Kuhusu chai na vidonge vya kupunguza unene vinavyouzwa mitaani, mwenye kutumia dawa za sonona avikwepe kabisa. Katika nchi mbalimbali bidhaa za aina hiyo zimekutwa na sibutramini iliyofichwa ndani yake, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwa moyo. Ikichanganyika na fluoksetini au setralini, serotonini huweza kupanda hadi kiwango cha kuhatarisha maisha. Dawa za kuharisha nazo haziondoi mafuta. Huondoa maji na chumvi tu.

Mazungumzo na daktari

Mgonjwa hafanyi utovu wa adabu anapomuuliza daktari kuhusu uzito. Aende na daftari lake na aulize: Je, dawa hii inajulikana kuongeza uzito? Je, kipimo changu kinaweza kupunguzwa, au saa ya kumeza kubadilishwa? Je, ipo dawa nyengine inayonifaa? Je, ninahitaji kupimwa sukari? Daktari naye huweza kuamua kusubiri, kupunguza kipimo, kubadilisha dawa kidogo kidogo, au kuongeza ushauri nasaha, ambao ni tiba ya sonona isiyomwongezea mtu hata gramu moja. Wapo pia wagonjwa ambao kwao dawa imefanya kazi vizuri sana, na uamuzi wa busara ni kubaki nayo na kupambana na kilo kwa chakula na mwendo.

Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya cha Chwaka, ambacho kinaweza kumpeleka mgonjwa Hospitali ya Wilaya ya Mwera Pongwe, au kwa mabingwa wa afya ya akili wa Hospitali ya Kidongo Chekundu mjini. Anayeona haya kutajwa kwa jina la Kidongo Chekundu akumbuke kwamba huduma ya sonona huweza kuanzia kituoni kama huduma ya kisukari au ya shinikizo la damu.

Jamaa nao wana sehemu yao. Maneno kama "umenenepa wewe" au "vidonge vimekufura", hata yakisemwa kwa mzaha, humfanya mgonjwa aifiche dawa au aiache. Linalomsaidia ni matendo: sukari kupunguzwa katika birika la nyumba nzima, mboga kuongezwa katika sinia la wote, na mtu wa kutembea naye. Chakula kinachomfaa mgonjwa huyu kinamfaa pia baba mwenye shinikizo la damu na mtoto anayekwenda skuli.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa alikuwa na kilo 70 kabla ya kuugua na kilo 66 siku ya kuanza dawa. Sasa ana kilo 69. Je, amefikia alama ya tahadhari? Eleza sababu.
2. Taja njia tatu ambazo kwazo amitriptilini huweza kuongeza uzito.
3. Kwa nini anayefunga Ramadhani huweza kuongezeka uzito badala ya kupungua?
4. Mgonjwa amenenepa kilo 4 juu ya uzito wake wa kawaida na anataka kuacha dawa leo. Afanye nini kwanza?

Majibu: (1) Hapana, bado hajaufikia uzito wake wa kawaida, na ongezeko hilo ni dalili ya kupona. Alama yake ni kilo 73.5. (2) Njaa isiyoisha, kiu inayompeleka kwenye vinywaji vitamu, na uchovu unaopunguza mwendo. (3) Kwa sababu chakula chote huliwa usiku, wakati dawa huchochea njaa, na vyakula vya futari vina sukari na nazi nyingi. (4) Aendelee na dawa, achukue daftari lake, na amwone mtabibu katika wiki hiyohiyo.